Klachi ya Marehemu

Sehemu ya saba

Kwa uliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nakuwekea kwa ufupi, maana wenzako wameshaanza kunichoka. Mimi naitwa Alute, mkulima wa Sepuka. Baba mkwe wangu, mzee Philipo wa Rungwa, alifariki, akazikwa, na mimi sikwenda. Niliwaambia wakwe zangu kwamba klachi ya pikipiki ilinivunjikia njiani. Ulikuwa uongo. Siku ile nilikuwa kwenye foleni ya mashine ya kukamua alizeti.

Nilijiambia nikikamua asubuhi na mapema nitawahi maziko ya jioni. Umeme ukakatika. Nikasema nikiondoka nitapoteza nafasi yangu, na nyuma yangu kuna matrela mawili ya alizeti za watu. Umeme uliporudi, Rungwa walikuwa wameshanawa mikono.

Msomaji mmoja wiki iliyopita alinitumia ujumbe akaniita boya. Nimeupokea, na nimeusoma mara mbili.

Mke wangu Selina alikuwa ametangulia kumuuguza baba yake, na baada ya maziko hakurudi. Nilipomfuata wiki ya tatu alinijibu neno moja tu mbele ya watu, kisha akaingia ndani. "Kama kweli ni klachi, nitarudi na wewe. Kama si klachi, usinitafute tena maisha yako yote."

Mnaona nilipo. Ndoa yangu yote imening'inia kwenye kipande cha chuma ambacho hakijawahi kuvunjika.

Baba mkubwa Isaka, kaka yake marehemu, akaniongezea adhabu. Matanga yanamalizwa Jumamosi, na mambo yote yanamsubiri shangazi Severina, dada yao mkubwa, anayekaa ng'ambo ya pori, mwendo wa kilomita thelathini za mchanga. Akaniagiza nimlete mimi, kwa pikipiki yangu, kabla jua la Ijumaa halijazama. Hakuna bodaboda wala kuazima ya mtu. "Tunataka kuiona hiyo klachi ikifanya kazi," alisema, na wazee wakacheka.

Sehemu iliyopita tuliishia Ijumaa asubuhi, kilomita mbili tu nje ya Rungwa, nikiwa chali kwenye mchanga. Niliinuka mzima. Nikaitazama pikipiki. Mkono wa klachi, ule wa kushoto unaobanwa ukitaka kubadili gia, ulikuwa umekatika kwenye shina, pamoja na chuma kinachoushikilia kwenye usukani.

Nilikaa chini nikacheka peke yangu. Halafu sikucheka tena.

Niliisukuma hadi kwa fundi Nathanaeli, ambaye ndiye fundi pikipiki pekee niliyeambiwa yupo pale. Alikuwa anajua habari zangu, kijiji kizima kilikuwa kinajua. Aliangalia pale palipokatika, akaniangalia mimi, akauliza kama hii ndiyo klachi iliyovunjika siku ya msiba au ni nyingine. Nikamwambia afanye kazi yake.

Alimwaga boksi zima la spea chini. Mikono ya klachi ilikuwamo kumi na kitu, mizima na mibovu. Tukaijaribu mmoja mmoja. Yote ilikuwa ya pikipiki hizi za bodaboda, na yangu ni ile ndefu ya zamani, ya mradi wa nyuki, iliyouzwa mnadani Itigi. Tundu la mkono wake ni pana, na waya unaingilia kwa chini. Ya bodaboda ukiiweka inacheza kama jino bovu, ukibana inatoka yenyewe.

Nathanaeli akampigia Ritha, dada mwenye duka la spea Itigi. Ritha akaomba atumiwe picha. Tukapanda kwenye kichuguu kutafuta mtandao, picha ikaenda kwa shida. Akajibu kwamba hiyo hana, ila Singida mjini kuna mtu anayo, anaweza kuiweka kwenye basi. Itafika Rungwa Jumamosi usiku. Jumamosi usiku matanga yatakuwa yamekwisha na mke wangu amekwisha.

Nikauliza kama siwezi kwenda bila klachi, nisukume, iwake, nikanyage gia kwa nguvu. Nathanaeli akasema kwenda peke yangu naweza, kwenye lami. Kwenye mchanga, nimempakia bibi wa miaka themanini, kila ikizima nimshushe nisukume, nitamletea baba mkubwa maiti ya pili.

Mwenyeji wangu Michael, ambaye kwake ndiko nilikolala wiki nzima maana kwa mama mkwe hakulaliki, anachonga mizinga ya nyuki. Alisikia, akaja na tezo. Akanichongea mkono wa klachi wa mninga, mzuri jamani, na nafasi za vidole akauwekea. Tukaufunga kwa waya wa kusukia uzio. Niliwasha, nikabana, gia ikaingia, watu wakapiga makofi. Nilifika kwenye mti wa kanisa, mkono ukavunjika.

Sasa ilikuwa saa saba. Ndipo Nathanaeli aliposema lile ambalo nadhani alikuwa nalo kichwani toka asubuhi. Alisema Rungwa nzima kuna pikipiki mbili tu za namna hii. Moja ni yangu. Nyingine ni ya marehemu.

Nilikuwa nalijua hilo. Tulizinunua siku moja, mimi na mzee Philipo, mwaka niliooa. Yangu alinichagulia yeye. Alizunguka pale mnadani akizipiga mateke matairi, akasema chukua hii, mwanangu, hii haitakuaibisha.

Basi nikaenda kwa baba mkubwa Isaka. Nilimwamkia, nikachuchumaa mbali kama inavyotakiwa, nikamwomba ruhusa ya kufungua klachi ya marehemu nimfuate shangazi, kisha niirudishe.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza kama klachi imevunjika. Nikasema ndiyo. Akarudia, imevunjika tena. Nikasema ndiyo, baba mkubwa. Wazee waliokuwa pale wakaangalia chini, mmoja akajifunika mdomo na kofia.

"Kitu cha marehemu hakiguswi mpaka matanga yaishe," alisema. "Na matanga hayaishi mpaka dada aje afungue mlango wa vitu vyake. Wewe ni mtu mzima, unalijua hilo."

Nikamwambia shangazi hawezi kuja bila ile klachi.

"Basi mlete," akasema.

Nilibaki nimechuchumaa pale miguu inakufa ganzi. Hebu fikiri mwenyewe. Klachi haiguswi mpaka shangazi aje, na shangazi haji mpaka klachi iguswe. Nililizungusha kichwani mara tano, na mara zote lilirudi kunipiga usoni.

Njia ilibaki moja, na nimeahidi gazeti hili kwamba nitasema yote. Niliamua kuiba.

Na si kuiba tu. Baada ya maziko pikipiki ya mzee iliingizwa ndani, kwenye chumba cha mama mkwe, anakolala. Wasomaji wa mjini labda mtaona ni kitu kidogo. Kwetu mkwe wa kiume akikutana na mama mkwe njiani mmoja anaingia porini, mwingine anapita. Sijawahi kumpa mkono. Sijawahi kula mbele yake. Chumba chake cha kulala hata kukielekea kwa macho ni matusi. Mtu akikutwa humo hakuna kikao, hakuna faini. Anarudishiwa maneno yake ya posa na mke habaki.

Saa nane familia yote ilikwenda makaburini kufyeka na kuweka mawe kwa ajili ya kesho. Niliwaona wakishuka, baba mkubwa mbele, wanawake nyuma na majembe. Nikahesabu vitenge. Nikamwona Selina. Nikadhani nimemwona na mama yake.

Nikapita nyuma ya zizi na spana namba kumi mfukoni. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Nikaingia sebuleni, nikafika kwenye pazia la chumba, na hapo nikafanya jambo ambalo hadi leo Nathanaeli akinikumbusha nahama meza.

Nilivua viatu.

Sikufikiri. Ni malezi tu. Unaingia kwa mkwe, unavua viatu, unaviweka sawa, mguu na mguu. Mwizi mwenye adabu.

Ndani kulikuwa na kitanda, sanduku, madebe mawili ya asali, na pikipiki imefunikwa shuka jeupe. Nikafunua upande wa kushoto. Mzee alikuwa ameuzungushia mkono wa klachi kipande cha tyubu ili usimteleze akiwa na asali mkononi. Nilipoushika, machozi yakanijia ghafla, na sikuwa nimelia hata siku moja toka afe. Huyu mtu alinipenda. Na mimi nililinda nafasi ya foleni.

Nikajifuta, nikaanza kufungua. Bolti ya kwanza ikatoka. Ya pili ilikuwa na kutu, nikaikaza mkono, ikalia. Nikautoa mkono mzima na chuma chake, nikachomoa waya, nikairudishia pikipiki shuka lake.

Nikasikia mlango wa nje.

Kutoka hakuwezekani. Dirisha lina nondo. Nikajibana kwenye pembe, nyuma ya madebe, magoti kidevuni, klachi ya marehemu kifuani. Pazia likafunguliwa. Miguu ilikuwa ya mtu mzima, na kitenge kilikuwa cha msiba. Mama Selina hakwenda makaburini.

Hapo ndipo nilipokumbuka viatu.

Alisimama muda. Kisha akakaa kitandani, akanipa mgongo, akaangalia ukuta. Mbele ya pua yangu, kati ya debe na ukuta, kulikuwa na dumu la mafuta ya alizeti. Dumu langu, la lita ishirini, nililowaletea Jumapili nilipofika, nikaonekana mkwe mwema. Wale wa mashine huandika jina la mteja na siku kwa kalamu ya wino mzito ili madumu yasichanganywe. Lilikuwa limegeuzwa maandishi yaangalie ukuta. Kwa pale nilipokuwa, yalikuwa yananiangalia mimi.

ALUTE SEPUKA. IJUMAA 13/6.

Siku ya maziko. Nililibeba mwenyewe toka Sepuka, nimelifunga na mpira nyuma ya pikipiki, njia nzima, na sikuwahi kulisoma.

"Humu ndani kuna panya," mama mkwe aliuambia ukuta. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, ya mtu anayechambua mboga. "Panya mkubwa. Viatu kaviacha mlangoni."

Nikazidi kujibana nyuma ya debe.

"Mimi simwoni. Nikimwona itabidi nimseme, na nikimsema mwanangu ameachika leo hii." Akanyoosha shuka la kitanda. "Lakini panya ana masikio. Mume wangu nilimzika Ijumaa, tarehe kumi na tatu. Jioni nzima tulisimama na jeneza tukimngoja mtu. Isaka alitaka tuzike, nikamwambia ngojeni, atakuja, Philipo alimpenda. Tulingoja mpaka giza likaanza. Huyo mtu alikuwa anakamua mafuta."

Ningeweza kufa pale pale, nadhani ingekuwa nafuu kwa wote.

"Dumu hilo nimelisoma toka Jumapili. Nimeligeuza mwenyewe ili wengine wasilisome. Sijui kwa nini nimeligeuza. Labda nilitaka aje aseme kwa mdomo wake, na siku zinakwisha, hasemi."

Akajifunga kitenge vizuri.

"Panya achukue alichokifuata. Wifi yangu aje, marehemu apumzike, hilo ndilo ninalolitaka kwanza. Ila kesho wazee watamuuliza yule mtu ya siku ile. Aseme alikuwa wapi. Akitaja klachi, dumu hili litatoka nje na wote watalisoma."

Akainuka. Akasema anakwenda kuchota maji, na kwamba kisimani kuna foleni, atachelewa. Neno hilo la foleni alilisema taratibu. Nikasikia ndoo, nikasikia mlango, kisha kimya.

Nilitoka na klachi. Viatu vyangu vilikuwa pale pale, ila vimegeuzwa, vinaangalia nje.

Nathanaeli alipouona ule mkono, na kile kipande cha tyubu, aliweka chini kila kitu. Mkono ule alikuwa amemfungia mzee yeye mwenyewe. Hakuniuliza. Alisema tu kwamba yeye kitu kile hakishiki mpaka matanga yaishe, akanisogezea spana, akakaa pembeni akinielekeza kwa kidole. Nikafunga mwenyewe, nikakosea waya mara mbili. Mara ya tatu ikakaa. Nikabana. Ilikuwa laini kuliko yangu ilivyowahi kuwa.

Saa tisa na nusu. Nikipiga moto, nafika kwa shangazi saa kumi na moja kasoro, narudi jua likiwa bado. Njia ile ya kwanza, ya shangazi, ilikuwa imefunguka. Ila kichwani nilikuwa na nyingine, na hiyo kila nilipoipima ilikuwa imezibwa pande zote.

Nikisema kesho kwamba ni klachi, mama mkwe anatoa dumu. Nikisema ni foleni ya alizeti, Selina ameshanieleza atakachofanya, na Selina si mtu wa kurudia kauli. Nilimwoa nikimjua hivyo.

Nikawasha. Na nilipogeuza pikipiki, nikamwona anakuja.

Selina alikuwa ametoka makaburini, miguu ina udongo, kitambaa cheusi kichwani. Ilikuwa mara ya kwanza kunikaribia toka siku ile ya jibu lake. Alisimama kando ya pikipiki. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye mkono wa klachi, kwenye ile tyubu. Akaigusa kwa kidole kimoja. Nikangoja dunia iniangukie.

"Mama kasema nisikuulize umeitoa wapi," alisema. "Sikuulizi."

Nikaitikia kwa kichwa.

Akasema shangazi siku hizi haoni vizuri, atahitaji mtu wa kumshika kwa nyuma, kwa hiyo tunakwenda wote, tutarudi mishikaki, watatu juu ya pikipiki moja. Baba mkubwa amekubali. Akapanda. Nikasikia mikono yake inanishika kiunoni, mikono ambayo sikuwa nimeigusa mwezi mzima, na kwa aibu yangu nawaambia kwamba nilifurahi. Kwa dakika nzima nilifurahi kama mjinga.

Tulipopita mti wa kanisa, alinisogelea sikioni.

"Alute. Leo pale kaburini wamekusema sana. Baba mkubwa kasema klachi ni hadithi yako, eti na ya leo umeivunja makusudi ili kuonyesha. Nikamjibu."

Nikamuuliza alimjibu nini.

"Nimemwambia mume wangu ana makosa mengi, ila hawezi kudanganya kwa jeneza la baba yangu. Nimeweka mkono juu ya kaburi, Alute. Nimeapa mbele yao wote kwamba siku ile klachi ilivunjika. Kesho watanisimamisha nirudie, na mchungaji atakuwepo."

Mbele yetu mchanga ulikuwa unaanza, ule ule ulioniangusha asubuhi. Ilinibidi nipunguze.

"Sasa nieleze vizuri," alisema mke wangu, na kichwa akakilaza mgongoni kwangu. "Toka asubuhi ulipotoka nyumbani. Ulipofika wapi ndipo ikavunjika, nani alikusaidia, yote. Nisije nikajichanganya mbele za watu."

Nikabana klachi ya baba yake, nikarudisha gia ya kwanza, nikafungua mdomo.